Andalio la Somo Unamwandikia Nani?

Marahaba, marahaba, kaeni. Nyie wa nyuma sogeeni huku jamani, viti vipo, sing'ati. Nimepewa dakika 45 na mratibu hapa ameshaniangalizia saa mara mbili na hata sijaanza. Kwenye karatasi yangu kuna pointi 5. Walionisikia zamani wanajua huwa naishia ya pili, kwahiyo msiweke matumaini.

Haya, andalio la somo, lile jedwali la kupanga kipindi kimoja. Sitalieleza sana, mmelijaza tangu chuoni, BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, mmeenda, azimio la kazi, ule mpango wa muhula mzima, mnalijua, na tangu mtaala mpya uanze Januari 2024 tumebadilishiwa na vichwa vya jedwali, sijui umahiri mkuu, umahiri mahususi, sawa, tumezoea. Mi nauliza swali moja tu kila nikishika maiki: ukikaa kuliandika, unamwandikia nani? Msinijibu kikwaya, "mwanafunziii". Muongo mmoja mmoja namuona kutoka hapa. Unamwandikia mthibiti ubora, na mwalimu wa taaluma asaini yaishe. Najua kwa sababu mimi mwenyewe nimefanya hivyo miaka na miaka.

Ngoja niwape kisa changu, waliokisikia wavumilie.

Nilikuwa nafundisha Hisabati darasa la tano, shule moja huko Temeke, siitaji. Enzi hizo hawa wathibiti ubora tulikuwa tunawaita wakaguzi. Mimi maandalio nilikuwa nayaandika Jumapili usiku, ya wiki nzima, nimekaa sebuleni miguu kwenye beseni la maji ya moto, mkono unaenda wenyewe. Na nilikuwa najaza yote, mpaka chini kabisa kwenye tathmini. "Somo limeeleweka vizuri, asilimia 80 ya wanafunzi wamefikia lengo." Ijumaa bado haijafika lakini ya Ijumaa nimeshaitathmini! Mnacheka nini, nani hapa hajafanya? Nyoosheni mikono. Ehee.

Jumanne saa mbili asubuhi mkaguzi huyo. Mzee mmoja mtaratibu, kalamu mbili mfukoni. Akaomba daftari la maandalio, akafunua Jumatatu, akafunua Jumanne, mi nimesimama tu nasema kimoyomoyo sasa rudisha baba, yeye akaendelea, Jumatano, Alhamisi. Akavua miwani. "Mwalimu, hii Alhamisi ni ya wiki hii?" Ndiyo mzee. "Waliohudhuria 96?" Kimya. "Na wameelewa vizuri." Kimya. Akanirudishia daftari kwa mikono miwili kabisa, kama anampa shehe msahafu, akasema basi mwalimu, kwa vile wewe unaona ya mbele, Alhamisi nitakuja nione inavyotimia.

Alhamisi ikanyesha ile mvua ya masika, mnaijua, ile ambayo daladala zinapotea mjini. Watoto wakaja 31. Nikasema afadhali, mzee hatafika. Kafika! Suruali kaikunja mpaka magotini, kiatu mkononi, akaenda kukaa nyuma kwenye dawati la watoto.

Nikafundisha. Kulinganisha sehemu, kiasi juu, asili chini, mifano mitatu ubaoni, mmeelewa? "Ndiyooo mwalimu." Mzee akaomba ruhusa aulize swali moja. Akamuuliza binti aliyekaa naye, ipi kubwa, 1/3 au 1/4? Mtoto hata hakufikiri, robo, "kwa sababu nne kubwa kuliko tatu". Nikatamani ardhi ipasuke. Akamuuliza tena, ukitumwa dukani sukari, nusu kilo na robo kilo ipi nyingi? Nusu, mtoto anamshangaa kama anauliza jina lake. Na theluthi kilo je? Yule binti akasema, "Babu, dukani hawauzi theluthi."

Hapo ndo nataka tukae, na mratibu asiniangalie hivyo.

Dukani hawauzi theluthi. Si kweli? Nusu ipo, robo ipo, nusu robo ya mafuta ya taa ilikuwepo, babu zetu hapa Pwani waliijua mpaka thumni, moja ya nane, na senti 50 ya zamani tuliiita sumni kwa jina hilohilo. Theluthi mangi hana kipimo chake. Kwahiyo mtoto wa Temeke anakuja darasani anajua nusu na robo kuliko mimi, anajua kwa mguu, katumwa mara elfu. Akifika 1/3 kamba yake imekatika, anashika anachokiona, na anachokiona ni 3 na 4. Mtoto hana ujinga pale, ana sababu. Na mimi kwenye jedwali langu lote, utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, hakuna hata mstari mmoja uliokuwa unamjua yule mtoto.

Yule mzee hakuniandikia barua wala nini. Nilimchukia kama wiki mbili.

Sasa mi siku hizi naandika hivi, kabla ya jedwali, pale juu kwa penseli: WATAKOSEA HIVI. Basi. Mfano kesho ni kujumlisha sehemu, 1/2 + 1/3. Watakosea hivi: 2/5, watajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Tangu nianze kufundisha sijakuta darasa halina 2/5. Sasa kama najua inakuja, kwanini niikimbie? Naiweka mimi mwenyewe ubaoni kama jibu langu. Halafu nawaambia toeni rula. Rula sentimita 30, nusu yake? 15. Theluthi yake? 10. Mbili ya tano yake? Wanahangaika hangaika wanapata 12. Nanyamaza. Ukinyamaza vizuri kuna mtoto mmoja lazima aropoke, "mwalimu, tulikuwa na 15, tumeongezewa, tumebaki na 12, tumepunjwa!" Darasa linalipuka. Sasa 15 na 10 ni 25, 25 katika 30, rahisisha, 5/6, wanaipigania wenyewe. Zana ni rula, gharama sifuri, na kipindi kizima kimetoka kwenye mstari mmoja wa penseli.

Najua kuna mtu anasema moyoni hiyo ni Hisabati, mimi nafundisha Sayansi. Muulize mtoto mti unapata wapi unene wake, atakwambia kwenye udongo, hewa hataitaja abadani. Wa Jiografia sekondari, waulize kwanini Januari Dar ni tanuri, watakwambia dunia imelisogelea jua. Na utamu wake ni kwamba mwanzoni mwa Januari dunia kweli ndo iko karibu zaidi na jua! Ukiwakatalia tu umeongopa. Waulize basi mbona muda huohuo Ulaya wanatembea kwenye theluji, uone watakavyokuna vichwa. Lakini uwe umelipanga usiku, ukikurupushwa nalo ubaoni saa saba mchana, unamwambia kaa chini.

Haya, "madam mi nina watoto 118". Nimesikia, nimeona umeinua mkono kabla sijamaliza. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 madarasa yamefurika, sibishi, na uwiano wa mwalimu mmoja kwa watoto 45 tunausoma kwenye makaratasi tu. Lakini lengo lako umeandikaje? "Ifikapo mwisho wa kipindi cha dakika 40 kila mwanafunzi aweze..." Kila mwanafunzi! Watoto 118 kwenye dakika 40 ni sekunde 20 kila mmoja, hujafuta ubao, hujaita jina. Huwezi kuwajua 118. Makosa yao lakini hayako 118, yako mawili, matatu, yanajirudia. Ndo maana nakwambia andika kosa. Wewe mwenye darasa kubwa ndo unalihitaji kuliko mwenye watoto 30 kule kwenye shule za magari ya njano.

Na hizi PDF za kwenye magrupu. Andalio la mwaka mzima kwa elfu tano. Nililetewa moja, limetulia, limepigwa chapa vizuri, idadi ya wanafunzi 45 kila siku kuanzia Januari mpaka Novemba, hakuna aliyeumwa hakuna aliyefiwa. Sikukatazi kununua, mshahara wako, na vipindi 30 kwa wiki najua vinavyochosha. Nunua. Ila aliyeliandika hamjui mtoto wako, ule mstari wa penseli utaujaza wewe.

Pointi ya pili ilikuwa ni... eeh, muda. Dakika 7? Basi. Ya pili, hatua za somo, utangulizi usizidi dakika 5, tunaimba nyimbo mpaka kengele inagonga. Ya tatu zana, nimeshasema rula. Ya nne ilikuwa kupangiana kwa pamoja, Wajapani walimu wanaandaa somo moja pamoja, mmoja anafundisha, wengine wanakaa darasani wanawaangalia watoto, mwalimu hawamwangalii, tuliongee kwenye chai. Ya tano tathmini, ijazeni kipindi kikiisha, mnajua kwanini.

Sasa toeni madaftari. Funua kipindi chako cha kwanza cha kesho. Penseli, pale juu, kosa moja, na uandike maneno ya mtoto kama atakavyoyasema, nikikuta "mwanafunzi atashindwa kuelewa" nakufutia. Dakika 5, simu chini. Na wewe baba wa Kiingereza uliyeegemea dirisha, na wewe pia, nakuja kuanzia hukohuko.