Mzingo wa Msafara: Hesabu Iliyobadili Amri ya Wanamaji

Mabibi na mabwana, nimeombwa nieleze utafiti unaingiaje kwenye maamuzi ya ulinzi. Nitachukua kisa kimoja tu, tukichambue hadi kwenye namba.

Mwishoni mwa 1942 Uingereza ilikuwa ikiishi kwa shehena inayovuka Atlantiki, na nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizamisha meli kwa mamia. Wizara ya wanamaji ilikuwa na kitengo cha utafiti kilichoongozwa na mwanafizikia P.M.S. Blackett. Swali lililokuwa mezani lilihusu viwanda: chuma kilichopo kijenge meli za mizigo zaidi, au meli za kivita za kusindikiza? Ukubwa wa misafara, yaani makundi ya meli za mizigo yanayovuka pamoja yakilindwa na meli za kivita, haukuwa kwenye swali hata kidogo. Uliibuka wakati kumbukumbu za safari zinapekuliwa.

Walichokuta ni hiki. Kwa 1941 na 1942, misafara midogo, wastani wa meli 32, ilipoteza asilimia 2.5 ya meli zake. Mikubwa, wastani wa meli 54, ilipoteza asilimia 1.1. Wakati huo wizara iliamini kinyume chake, kwamba msafara mdogo ndio salama, na kuzidi meli 60 kulikatazwa.

Mtafiti mwenye pupa angeandika ripoti siku hiyohiyo, na afisa yeyote mzoefu angeichana kwa swali moja: mnajuaje kuwa misafara mikubwa haikupata bahati tu? Takwimu peke yake haiwezi kujibu hapo. Ilibidi watafute sababu, na wakapata tatu zinazoshikana. Kwanza, uwezekano wa msafara kuonekana na nyambizi ni karibu uleule, uwe mkubwa au mdogo. Bahari ni pana mno. Pili, nyambizi kupenya kunategemea wasindikizaji wamekaa karibu kiasi gani kwenye mzingo, yaani ni wangapi kwa kila maili ya duara. Tatu, nyambizi ikishapenya huzamisha idadi ileile, maana torpedo na muda huiishia kabla meli za kulenga hazijaisha. Ukipoteza meli nne kati ya 80 badala ya nne kati ya 40, asilimia imeshuka nusu.

Ile sababu ya pili ndiyo tamu, na mfugaji anaijua. Ukiunganisha mazizi mawili kuwa moja, ng'ombe wanakuwa maradufu, lakini miiba ya ua haiwi maradufu. Tuchore mfano, vipimo ni vyangu, vya kufundishia. Meli 40 zimejaa duara lenye nusukipenyo cha maili 2, na wasindikizaji wanazunguka maili 4 nje yake. Nusukipenyo cha ulinzi ni maili 6, mzingo karibu maili 37.7. Sasa meli ziwe 80. Eneo limekuwa maradufu, kwa hiyo nusukipenyo cha meli kinafika maili 2.83, na cha ulinzi 6.83. Mzingo ni maili 42.9. Umeongezeka kwa kama sehemu moja ya saba tu! Ukiwa na wasindikizaji sita kwenye duara la kwanza, saba wanatosha la pili. Misafara miwili ya meli 40 ingetaka kumi na wawili.

Kilichonishangaza zaidi kiko ndani ya wizara yenyewe. Walikuwa na kanuni ya mkato: wasindikizaji watatu, jumlisha idadi ya meli ugawe kwa kumi. Kwa meli 20 hiyo ni wasindikizaji watano. Kwa meli 60 ni tisa. Basi misafara mitatu ya meli 20 inadai kumi na watano, na mmoja wa meli 60 unadai tisa. Kanuni yao ilikuwa imekubali miaka yote kwamba mkubwa hulindika kwa wachache, huku amri yao ikiukataza. Nawashauri wachambuzi vijana: kabla ya kukusanya takwimu mpya, someni kanuni zilizopo na mzikokotoe.

Pingamizi za kweli zilikuwepo. Meli 80 ni kazi kuziongoza kwa bendera na taa, ukungu ukishuka ni hatari zaidi, na zikifika kwa mkupuo bandari inaelemewa. Hesabu ya mzingo haijibu hayo. Mtafiti anayejifanya inajibu hupoteza masikio ya makamanda. Blackett mwenyewe, kabla ya kupeleka ushauri, alijiuliza kama angewapakia watoto wake kwenye msafara mkubwa kuliko mdogo. Alipoona jibu ni ndiyo, akapeleka. Katika majira ya kuchipua ya 1943 misafara mikubwa ikaruhusiwa, na meli za kusindikiza zilizookolewa zikapata kazi nyingine ya kuwinda nyambizi.

Mtu atanitajia msafara HX 300 wa Julai 1944, wenye meli zaidi ya 160, uliofika bila adui kuzamisha hata moja. Ni kweli, lakini msiutumie kama ushahidi. Kufikia wakati huo nyambizi zilikuwa zimeshasukumwa kutoka katikati ya Atlantiki, na hata msafara mdogo ungepita.