Kichupa Kimoja, Sindano Sita: Chanjo ya Korona Ilivyofika Mkononi, na Shaka Zilizoifuata

Shikamooni wazazi wetu, na vijana mambo vipi. Karibuni tena. Huku Uingereza giza limeingia saa kumi jioni na baridi ndiyo hiyo, lakini leo baridi tuiache. Hapa mezani nina bomba la sindano la mililita moja na kichupa kitupu, tuzungumze chanjo ya Korona.

Najua mtasema hayo ya zamani. Ya zamani wapi? Kila ukizuka ugonjwa mpya, maswali ya mwaka 2021 yanafufuka vilevile. Mbona dawa ilimwagwa wakati kwetu watu hawajapata? Mbona dozi ya pili ilisogezwa mbele? Mbona sindano ilionekana tupu? Mimi rai yangu naisema mapema, anayetaka kuzima video azime: shaka nyingi zilizaliwa kwenye friji na kwenye kichupa. Mchanjaji alijua kwa nini mambo yanakwenda vile, aliyekaa kwenye kiti hakuambiwa. Basi WhatsApp ikamwambia.

Tuanze na kichupa. Bibi wa miaka 90, Margaret Keenan, alichanjwa Coventry tarehe 8 Desemba 2020, wa kwanza duniani kupata chanjo ya Pfizer nje ya majaribio. Chanjo ile ilitunzwa kwenye baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Friza ya kawaida ya nyumbani, ile ya kugandishia samaki, inafika 18 au 20 chini ya sifuri, haitoshi kabisa. Na ilikuja kwenye trei ya vichupa 195, kila kichupa kikihesabiwa dozi 5. Piga hesabu: dozi 975 kwa trei moja. Ikishayeyuka na kuingia kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, mwanzoni ilikuwa na siku 5 tu. Baadaye, Mei 2021, wakaruhusu hadi siku 31, lakini wakati ule ilikuwa siku 5.

Hapo ndipo shaka ya kwanza ilipotoka. Orodha ya Uingereza iliwaweka wazee wa nyumba za kutunzia wazee mbele ya wote. Siku ya kwanza watu wakaona hospitali ndizo zinazochanja, wakasema, "Mnaona? Wakubwa wanajipendelea." Kumbe tatizo lilikuwa trei. Nyumba ya wazee ina watu 40, utawapelekea dozi 975 za nini? Ilibidi kwanza utaratibu wa kugawa trei vipande vidogo ukubaliwe, ndipo timu zikaanza kuingia kwenye nyumba hizo wiki iliyofuata.

Sasa tazameni hapa. Kichupa cha Pfizer, kile cha kifuniko cha zambarau, kina mililita 0.45 tu za dawa nzito. Hiyo haichomwi hivyo. Kinaachwa kipate joto la chumba, kinageuzwa juu chini taratibu mara 10. Kinageuzwa, hakitikiswi! Ukikitikisa kama chupa ya juisi, unavunja vile vitone vya mafuta vilivyobeba dawa, na kichupa hicho hakifai tena. Kisha unaingiza maji ya chumvi ya hospitali, mililita 1.8. Kabla ya kuchomoa sindano unavuta hewa mililita 1.8, maana presha ikibaki ndani dawa itakurukia. Unageuza tena mara 10. Unaandika tarehe na saa kwenye kichupa. Kuanzia hapo una saa 6. Saa hizo zikipita dawa inamwagwa, hata kama imebaki dozi nne na nje kuna foleni.

Fundi akisahau kuchanganya, mtu anapata dozi nzito. Desemba 2020 huko Stralsund, Ujerumani, wafanyakazi 8 wa nyumba ya wazee walichomwa dozi mara 5 ya kipimo. Baadhi walilazwa ili waangaliwe. Ndiyo maana vituo vingi viliweka mtu mmoja wa kuchanganya na mwingine wa kuhakiki.

Twende kwenye hesabu ninayoipenda. Ukichanganya 0.45 na 1.8 unapata mililita 2.25. Dozi moja ni 0.3. Dozi 5 ni 1.5, kwa hiyo kuna kinachobaki. Ya sita inapatikana? Inategemea bomba. Kila bomba hubakiza dawa kidogo shingoni, pale sindano inapoungana. Likibakiza 0.08, mara sita ni 0.48, ongeza 1.8 unapata 2.28. Imezidi kichupa! Ukitumia bomba maalumu linalobakiza 0.035 tu, jumla ni 2.01, ya sita inatoka safi. Kwa hiyo kituo kimoja kilitoa watu 6 kwa kichupa, jirani yake 5, watu wakasema kuna wizi. Wizi wa tone la shingoni! Na usiulize kwa nini mabaki ya vichupa viwili hayakuunganishwa kupata dozi moja. Dawa ile haina kihifadhi cha kuzuia bakteria. Kichupa kimoja kikiingia uchafu, umeshachafua na cha pili.

Na hiyo 0.3 ni kiasi gani? Ona, kwenye bomba hili haifiki theluthi. Kwenye bomba kubwa zaidi, ukitazama kwenye simu, utaapa kwamba ni tupu. Ukiongeza zile sindano za usalama ambazo, ukimaliza kusukuma, zinajirudisha ndani zenyewe ili zisimchome muuguzi, ndizo zilizozaa video za "sindano inayopotea". Sindano ilifanya kazi yake ikarudi ndani, basi. Ya chipu za kufuatilia watu sitaigusa. Simu uliyoshika inakufuatilia bure na chaji unanunua mwenyewe.

Baada ya kuchomwa, dakika 15 kwenye kiti. Watu walisema wanaangalia nani ataanguka. Kwa namna fulani ni kweli! Siku ile ya kwanza watumishi wawili wa afya wenye historia ya mzio mkali walipata mzio, na kesho yake tahadhari ikatolewa. Mzio wa hatari kwa kawaida huja mapema: vipele, midomo kuvimba, kupumua kwa mluzi, moyo kwenda mbio. Dawa yake ni adrenalini, mtu mzima nusu mililita ya ile ya moja kwa elfu, kwenye msuli wa paja, papo hapo. Kuzimia kwa hofu ni kitu kingine. Mtu anapauka, mapigo yanakuwa taratibu, ukimlaza na kumwinua miguu anarudi. Kituo kinachoshindwa kutofautisha haya mawili kinatisha foleni nzima.

Sasa ya dozi ya pili. Kwenye majaribio ya Pfizer, dozi ya pili ilitolewa baada ya siku 21. Tarehe 30 Desemba 2020 Uingereza ikatangaza kwamba dozi ya pili itasubiri hadi wiki 12. Wazee walikuwa wameshaandikiwa siku, wakapigiwa simu: usije. Ukweli ulikuwa rahisi kuusema: dawa ni chache, dozi ya kwanza inakinga kwa kiasi kikubwa, bora wengi wapate moja kuliko wachache wapate mbili. Baadaye utafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham kwa wenye zaidi ya miaka 80 ulionyesha kwamba waliosubiri walitengeneza kingamwili zaidi ya mara 3. Lakini wakati uamuzi unatolewa hilo halikuwa limejulikana, na mtu aliyesikia "tumebadilisha" alielewa "wanabahatisha". Simlaumu.

Kenya nayo ilisogeza kutoka wiki 8 hadi 12, kwa sababu nyingine kabisa. Dozi zake za AstraZeneca, zaidi ya milioni moja, zilifika tarehe 2 Machi 2021 kupitia COVAX, ule mpango wa dunia wa kugawia nchi chanjo, zikitoka kiwanda cha India. Mwezi huohuo India ikabana mauzo ya nje kwa sababu wimbi lilikuwa linawamaliza wao. Wiki 12 za London ulikuwa uchaguzi, wiki 12 za Nairobi zilikuwa ghala tupu. Aliyeko Kisumu akiambiwa "hata Uingereza wanafanya hivi", alikuwa na haki ya kuguna.

Kuhusu damu kuganda na AstraZeneca, hapa sifichi. Ilikuwa kweli. Hadi tarehe 31 Machi 2021 Uingereza ilikuwa imetoa dozi milioni 20.2, ikarekodi watu 79 wenye tatizo hilo, 19 wakafariki. Tarehe 7 Aprili ikashauriwa walio chini ya miaka 30 wapewe nyingine, mwezi mmoja baadaye ikawa chini ya 40. Sababu ni mizani. Kijana hatari yake ya kufa kwa Korona ilikuwa ndogo, kwa hiyo hata hatari ndogo ya chanjo ilihesabika. Babu wa miaka 75 mizani yake iliegemea upande wa kuchanjwa, tena kwa uzito. Dalili za kukimbilia hospitali zilikuwa kichwa kuuma sana kuanzia siku ya nne na kuendelea bila kupoa, kuona ukungu, mguu kuvimba, vidoa kama michubuko mbali na pale pa sindano. Homa ya usiku wa kwanza na mkono mzito ni kitu kingine, hiyo unameza paracetamol na kulala.

Watu weusi wa huku je? Uchunguzi mkubwa wa kaya wa Novemba 2020 ulikuta 72 kati ya 100 wa waliohojiwa weusi wakisema hawaelekei kuchanjwa. Kilichosaidia kilikuwa vitu vidogo vya utaratibu. Februari 2021 serikali ilitangaza hadharani kwamba aliyekosa karatasi za ukaazi atachanjwa bila kuulizwa. Msikiti wa Al-Abbas, Balsall Heath, Birmingham, uligeuzwa kituo cha chanjo Januari 2021. Swali la nguruwe lilijibiwa na madaktari Waislamu wenyewe: Pfizer na AstraZeneca hazina gelatini, ile inayoweza kutoka kwa nguruwe. Na Ramadhani ya 2021 walieleza kwamba sindano ya msuli si lishe, haifunguzi.

Nyumbani Tanzania, Februari 2021 wizara ilisema haina mpango wa kupokea chanjo. Julai 24 zikafika dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson, na tarehe 28 Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera. Miezi michache tu! Mlitaka mwananchi ageuke kwa kasi hiyohiyo? Dawa yenyewe iliwafaa wa vijijini, dozi moja, friji ya kawaida. Ila kichupa kilikuwa cha watu 5, na kikishatobolewa saa zinahesabika. Mama katembea kutoka kitongojini, yuko peke yake, muuguzi anamwambia rudi Alhamisi tukipata wengine. Alhamisi harudi. Halafu anaandikwa kwamba "amekataa chanjo".

Na zilizomwagwa: Malawi waliteketeza kwa moto dozi 19,610 hadharani Mei 2021 kwa kupitwa na muda, ili watu wasidhani wanachanjwa zilizoharibika. Zilifika zikiwa zimebakiza wiki chache. Congo ya Kinshasa walipokea dozi milioni 1.7, wakachelewa kuanza, sehemu kubwa wakairudisha igawiwe kwingine kabla haijaharibika.

Kwa ndugu zetu wa Goma, ambako chanjo ya mpox ilianza tarehe 5 Oktoba 2024, kichupa ni kingine. Chanjo hiyo ya mpox, inayoitwa MVA-BN, ni mililita 0.5, kichupa cha mtu mmoja, inachomwa chini ya ngozi, ya pili baada ya siku 28. Hakuna kusubiri watu watano. Inatunzwa ikiwa imeganda, ikiyeyuka ina wiki 8 kwenye friji, na hairudishwi kuganda. Kwa hiyo mkifika kituoni, angalieni tarehe ya kuyeyushwa kwenye lebo au pakiti. Muombeni muuguzi awaonyeshe kabla hajavuta dawa. Ni sekunde mbili tu, na muuguzi anayejua kazi yake hatakasirika.