Kidole cha dada Atu

GWAMAKA: Mugonile, wasikilizaji. Baridi ya Mbeya leo haina utani, nimevaa koti juu ya koti. Niko na dada Atu kama kawaida.

ATU: Ndaga. Na leo nadai haki yangu. Misimu mitatu nimeshika stopwochi kwenye mbio zetu za magari, zile za vumbi, misimu mitatu natukanwa. Sasa umekuja na vipande viwili vya bomba la maji na kisanduku cha kupima muda, unaniambia nistaafu.

GWAMAKA: Dada, tupige hesabu kwanza. Gari la kilomita 72 kwa saa linakwenda mita 20 kila sekunde. Ukichelewa kubonyeza kwa sekunde 0.2 tu, limeshakula mita nne.

ATU: Lakini nachelewa mwanzo, nachelewa na mwisho. Si zinafutana?

GWAMAKA: Hapo umegusa penyewe! Zingefutana kama ungechelewa kiasi kilekile kila mara. Muda wa mzunguko ni tofauti kati ya kupita mara mbili. Kifaa changu nacho kinachelewa, ila kwa gari la kwanza na la mwisho ni kulekule, ukitoa kunaisha. Kidole kinachoka. Au akipita binamu yako...

ATU: Binamu yangu mwache. Vijana wa Uyole wanauliza, simu si ina GPS?

GWAMAKA: Ya simu nyingi inasoma mahali ulipo mara moja kwa sekunde. Hiyo ni mita 20 kati ya nukta na nukta. Zipo za kusoma mara 10, na programu inakadiria katikati. Anayejifua peke yake inamfaa. Ila kila gari liwe na yake, na mfuko wetu unaujua.

ATU: Naujua, mimi ndiye mweka hazina. Haya, bomba.

GWAMAKA: Upande mmoja wa mstari kuna taa ya infraredi, ileile ya rimoti ya TV. Upande wa pili kipokezi. Gari likikata mwale, kompyuta ndogo iliyo kwenye kisanduku inaandika muda. Nilianza na iitwayo Arduino. Taa inawaka na kuzima mara 38,000 kwa sekunde, na kipokezi kinasikiliza mapigo hayo tu. Jua haliwaki na kuzima, kwa hiyo linapuuzwa.

ATU: Mbona Jumamosi ya kwanza lilikushinda?

GWAMAKA: Nilitegemea taa ielekee mashariki, kipokezi kikapigwa na jua la saa kumi usoni. Likizidi, kipokezi kinalewa. Ndiyo maana nikakiingiza ndani ya bomba, nikalipaka rangi nyeusi kwa ndani. Na kitu kilichonila wiki nzima: vipokezi vya rimoti, ukivimulikia mfululizo vinadhani ni kelele, vinaziba masikio. Lazima taa ipige kidogo, ipumzike, ipige tena. Nikipiga kila baada ya milisekunde mbili, kosa ni sentimita nne za gari. Hiyo naikubali.

ATU: Na mbuzi je?

GWAMAKA: Aah, mbuzi.

ATU: Wasikilizaji, kuna mbuzi aliweka rekodi ya uwanja. Sekunde tatu nukta moja!

GWAMAKA: Alipita mara mbili! Nimeshaiambia programu: chochote chini ya sekunde 30 si mzunguko. Nguzo pia ni plastiki nyepesi, gari likiteleza liziangushe bila kuumiza mtu. Na wewe unasimama mbali, siyo pale pa zamani.

ATU: Basi wale wa Iringa wakija na saa yao, tunalinganisha?

GWAMAKA: Hapo polepole. Ndani ya siku moja, saa yetu ikienda mbio inawaongopea wote sawa, mshindi habadiliki. Ila ile Arduino Uno niliyoanza nayo inahesabu muda kwa resoneta ya seramiki, kipande kinachotikisika ndani yake, ambayo inaweza kukosea hata nusu ya asilimia. Kwa mzunguko wa dakika moja ni sekunde 0.3. Nimehamia ESP32, kompyuta ndogo nyingine, yenyewe inahesabu kwa kristali. Kristali ya kosa la sehemu 20 katika milioni haifikishi hata milisekunde mbili kwa dakika. Na matokeo ya mwaka jana, ya stopwochi, yafungie kabatini.

ATU: Magari mawili yakipita bega kwa bega?

GWAMAKA: Mwale unakatika mara moja. Kifaa kinajua kuna kitu kimepita, hakijui ni nani. Mashindano makubwa yana transponda, kama za kampuni ya MYLAPS: kila gari linabeba namba yake, waya uliolazwa chini ya mstari unaisoma. Sisi tutawaachia mmojammoja, gari linalofuata linaondoka baada ya la mbele kumaliza. Na lazima mtu aandike namba ya gari kila linapopita.

ATU: Mtu gani?

GWAMAKA: Dada...

ATU: Nilijua. Daftari ninalo, lakini safari hii mwavuli na chai juu yako.