Karatasi Kwanza, Godoro Baadaye: Mhadhara kwa Wanaoingia Chuo Kikuu na Wazazi Wao, Arua

Wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana mliomaliza S6, hamjambo? Asanteni kwa kuja mapema. Nitazungumza Kiswahili ili wote tuelewane, maana humu ndani kuna Walugbara, Waalur, Wamadi, Wakakwa na Wanubi.

Familia nyingi hujiandaa kwa kuanzia mwisho. Siku jina linapotoka kwenye orodha, kesho yake watu wako sokoni wananunua godoro, ndoo na shuka. Karatasi zinakumbukwa wiki ya kusafiri, na chumba kinatafutwa siku ya kufika. Mpango uwe karatasi, chumba, kisha vitu. Pesa nyingi ambazo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupoteza, huzipoteza kabla hajalala hata usiku mmoja chuoni, kwa sababu alilipia kitu ambacho hatua ya nyuma yake haijakamilika.

Tuanze na karatasi. Matokeo ya UNEB, yaani Baraza la Mitihani la Uganda, ya kidato cha sita hutoka mwanzoni mwa mwaka, na Makerere hufungua mwaka wake wa masomo mwezi wa Agosti. Miezi hiyo ya katikati ndiyo ya kunyoosha majina. Toa hati zako zote, uzipange mezani: ya P7 (darasa la saba), ya S4 (kidato cha nne), ya S6, kitambulisho cha taifa au namba yake ya NIN, na cheti cha kuzaliwa kama unacho. Soma majina herufi kwa herufi. Kwetu huku mtoto anaweza kuandikishwa shuleni kwa jina la ubatizo na jina la Kilugbara, halafu NIRA, wale wanaotoa vitambulisho vya taifa, wakaongeza jina la babu. Chuo hufuata majina yaliyo kwenye hati za UNEB. Kama tofauti ni ya tahajia au mpangilio tu, mwanasheria anaweza kukutayarishia hati ya kiapo inayosema kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Kubadilisha jina lenyewe ni kazi nyingine, ndefu zaidi, na inasajiliwa. Ukigundua tofauti mwezi wa Aprili, unatembea taratibu. Ukiigundua umesimama kwenye foleni ya usajili Kampala, utapanda basi kurudi Arua.

Hati halisi zipakiwe kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, na mfuko huo ukae kwenye begi unalolipakata ndani ya basi. Usiuweke kwenye buti. Nakala seti nne zinatosha: ya chuo, ya hosteli, ya bodi ya mikopo kama unaomba, na moja ibaki kwa mama nyumbani. Piga picha kila hati na uziweke kwenye barua pepe yako, maana simu huibiwa.

Sasa barua ya kukubaliwa. Watu huitazama jina la kozi, wakafurahi, wakaikunja. Isomeni mpaka mwisho. Ada ya masomo ni mstari mmoja, na chini yake kuna ada za uendeshaji: usajili, maktaba, matibabu, kitambulisho na nyinginezo. Hizo hazimo ndani ya ada ya masomo, na mara nyingi ndizo zinazodaiwa mwanzo kabisa. Barua pia itakuambia kama umewekwa darasa la mchana au la jioni. Wa jioni anatoka darasani giza limeshaingia, na hilo litaamua apange wapi. Kama mwaka huu pesa hazipo, usikae kimya ukidhani nafasi itakungoja. Uliza kwa maandishi taratibu za kuahirisha, kabla muda wa usajili haujafungwa.

Malipo ya vyuo vya serikali hupitia PRN, yaani namba ya kumbukumbu ya malipo. Mwanafunzi anaitoa kwenye mfumo wa chuo, kisha analipa benki au kwa simu. PRN ina siku yake ya kuisha, kwa hiyo itoe pesa zikiwa tayari. Hapa wazazi mnisikilize vizuri. Msitume ada kwenye simu ya mtoto ili aitoe kwa wakala na kuipeleka benki. Kutoa pesa kwenye simu kuna ushuru wa serikali wa asilimia 0.5, juu ya makato ya kampuni. Kwenye milioni moja na nusu, ushuru peke yake ni shilingi 7,500, na makato hayamo. Lipeni moja kwa moja kwa PRN mkiwa hapa hapa Arua, mhakikishe jina la mwanafunzi ndilo linaloonekana kabla ya kubonyeza kukubali, kisha mumtumie picha ya risiti.

Kuhusu mkopo wa serikali kupitia Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2014, wengi wanaelewa nusu. Mkopo huo hulipa ada ya masomo, ada za uendeshaji na ada ya utafiti, na vifaa vya msaada kwa wenye ulemavu. Pesa huenda chuoni. Hakuna ya chumba humo, wala ya chakula. Familia inayosema "mtoto ana mkopo, tumepona" inajikuta mwezi wa Septemba inauza mbuzi kwa bei ya haraka. Na aliyechukuliwa kwa ufadhili wa serikali lakini hakai bwenini hupewa posho ya kujikimu, ila mara nyingi inachelewa. Muhula wa kwanza mpangieni kana kwamba posho hiyo haipo.

Chumba. Makerere, kila mwanafunzi anaandikwa kwenye bweni fulani, Lumumba au Mary Stuart au Livingstone au jingine, hata kama hatalala huko. Kwa hiyo ukiona jina la bweni kwenye barua, usichukulie kwamba umepewa kitanda. Wengi hukaa hosteli za binafsi: Kikoni, Wandegeya, Nakulabye, na kwa wa Kyambogo ni Banda na mitaa ya jirani. Bei hutofautiana sana, kuanzia laki kadhaa kwa muhula kwa chumba cha kuchangia, hadi zaidi ya milioni mbili kwa chumba cha peke yako chenye choo ndani.

Chumba cha bei rahisi kilicho mbali kifanyieni hesabu. Muhula wa Makerere ni wiki 17: 15 za kufundisha na 2 za mitihani. Boda ya kwenda na kurudi, siku tano kwa wiki, ni safari 170. Kwa shilingi 2,000 kila safari, umetumia 340,000. Kama tofauti ya bei kati ya chumba cha mbali na cha karibu ni ndogo kuliko hiyo, cha mbali ndicho ghali. Wa darasa la jioni asijaribu hata kuhesabu. Akae karibu na geti.

Anayekwenda kukagua, iwe ni shangazi aliyeko Kampala au mwanafunzi mwenyewe, asiridhike na rangi mpya ukutani. Afungue bomba la ghorofa ya juu kabisa, maana la chini hutoa maji hata presha ikiwa ndogo. Aulize tanki la akiba lina lita ngapi na hosteli ina wanafunzi wangapi, agawanye mwenyewe. Tanki la lita 10,000 kwa watu 200 ni lita 50 kwa kila mtu, yaani madumu mawili na nusu ya lita 20, yanayotosha siku moja tu maji yakikatika. Atazame madirisha. Nondo zinazuia mwizi, lakini nondo zisizofunguka kwenye ghorofa yenye ngazi moja zinamzuia na mwenye chumba siku ya moto. Aulize ngazi ya pili iko wapi na aitembee. Afunue godoro la hosteli, kama lipo, atazame kwenye mishono na maungio ya kitanda: vidoa vyeusi vidogo ni kinyesi cha kunguni. Na awaulize wanafunzi wanaokaa pale, msimamizi akiwa hayupo. Ofisi ya mlezi wa wanafunzi pia inazijua hosteli zenye sifa mbaya, na kuuliza hakulipiwi.

Pesa ya kushikia chumba itolewe tu baada ya kupata majibu ya maandishi kwa haya: inarudishwa au hairudi? Inakatwa kwenye kodi au ni ya juu? Kodi ni ya muhula au ya mwaka? Likizo vitu vinabaki chumbani, au vinahamishwa na kulipiwa stoo? Kozi kama uhandisi na kilimo zina muhula wa ziada katikati ya mwaka, wa mafunzo ya vitendo, na hosteli hudai malipo mengine kwa wiki hizo. Hilo halimo kwenye bei uliyotajiwa. Lipieni akaunti ya benki yenye jina la hosteli. Dalali anayetaka itumwe kwenye namba yake ya simu kwa sababu "vyumba vinaisha leo", mwacheni aende na vyumba vyake.

Umeme unahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndio unaounguza. Ulizeni kwanza kama kila chumba kina mita yake ya Yaka, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, au ni mita moja ya jengo. Penye mita moja, koili ya kuchemshia maji, pasi na jiko la umeme karibu kila mara vimekatazwa, na msimamizi akivikuta anavichukua. Penye ruhusa, hatari iko kwenye kebo ya kuongezea soketi. Umeme wetu ni volti 240. Plagi yenye fyuzi ya ampea 13 inaweza kupitisha wati 3,120, lakini waya wa kebo nyingi za bei ya chini hauwezi. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye waya wenyewe. Ukikuta 0.75, hiyo ni milimita za mraba, na waya huo ni wa ampea 6, takriban wati 1,440. Koili ya wati 1,500 peke yake imeshaupita. Waya unapata moto, plastiki inalainika, na fyuzi ya 13 haikatiki kwa sababu yenyewe haijafika kikomo. Nunua kebo ya 1.5, ghali kidogo, na usiitumie ikiwa imezungushwa, maana joto linakosa pa kutokea. Umeme ukikatika, chomoa laptopu. Unaporudi huja kwa kishindo.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kujaa chini ya kitanda. Dirisha la juu peke yake halisaidii. Mlango uachwe wazi, wala usiwashe hata taa.

Ndipo sasa tufike kwenye vitu, na hapa nitakwenda haraka. Kabla ya kununua godoro, pata vipimo vya kitanda. Vya deka, yaani vitanda vya ghorofa, mara nyingi ni futi mbili na nusu au tatu kwa sita. Godoro la futi nne litakuwa la kuuza kwa hasara. Anayelala juu asizidishe unene wa inchi sita, la sivyo linapanda juu ya ukingo na hakuna cha kumzuia asianguke. Neti yenye dawa mpya ianikwe kivulini siku moja kabla ya kulalia, na usiifue kila wiki. Imetengenezwa kuhimili mafuo kama 20. Madumu mawili ya lita 20, beseni, kufuli lako mwenyewe lenye funguo tatu. Sanduku la bati la sekondari liache nyumbani: haliingii chini ya deka nyingi. Anayekwenda Chuo Kikuu cha Kabale abebe blanketi zito, kule ni kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na usiku hauna mzaha. Anayekwenda Chuo Kikuu cha Muni amebaki nyumbani Arua, na wazazi wake wasimhurumie. Wamepunguza kodi na nauli kwa mkupuo.

Chakula kikavu kibebwe cha wiki sita, kisizidi. Kijana anayepika mara tano kwa wiki hutumia kama gramu 250 za unga na gramu 100 za maharage kwa mlo: kwa wiki sita ni kilo saba na nusu za unga na kilo tatu za maharage. Gunia zima huingia dumuzi na marafiki, na sijui lipi linamaliza haraka. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo, yataiva kwa moto mdogo zaidi. Siku usizopika kuna rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) na kikomando (chapati na maharage), lakini ukivifanya chakula cha kila siku, pesa za wiki sita zinaisha kwa tatu.

Basi la usiku hufika Kampala alfajiri. Panga ufike siku ya kazi, Alhamisi au Ijumaa kabla ya wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya, ili ukikuta tatizo benki na ofisi ziwe wazi. Ukifika Jumapili na jina lako halimo kwenye orodha ya hosteli, utalala wapi?

Ukikabidhiwa chumba, usipange vitu kwanza. Piga picha kila kona: kioo kilichopasuka, kitasa kilicholegea, soketi iliyoungua, kitanda kinachoyumba. Andika orodha, wewe na msimamizi mtie saini siku hiyo hiyo, kila mmoja abaki na nakala. Amana, ile pesa uliyoweka kwa ajili ya uharibifu, hukatwa mwisho wa mwaka kwa vitu vilivyoharibika miaka mitatu kabla hujaja. Uliza pia ni nani mwingine ana ufunguo wa mlango huo. Kama mwenye chumba wa mwaka jana hakurudisha wake, omba kitasa kibadilishwe, na wakikataa, weka kufuli lako juu yake usiku huo huo.

Haya, mikono juu, tuanze na maswali ya kina mama wa nyuma kule.