7 Aprili Ibaki 7 Aprili: Sikukuu Zetu na za Majirani

NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Arusha na popote mlipo. Mimi Neema, niko na kaka Elibariki. Leo tunazungumzia sikukuu za kitaifa, na mwenzangu amekuja na dai lake tayari.

ELIBARIKI: Ninalo, dada. Kenya, sikukuu ikiangukia Jumapili, sheria inawapa watu Jumatatu. Sisi ikiangukia Jumapili, ndiyo imeliwa. Mtu anafanya kazi hapa mjini, wazazi wako Karatu, anahesabu siku ya kwenda kuwaona, halafu kalenda inamnyima. Kwa nini na sisi tusipewe Jumatatu?

NEEMA: Mapumziko siyakatai. Ninachoogopa ni tarehe yenyewe kuguswa. Marekani walipitisha sheria mwaka 1968, ikaanza kutumika 1971, sikukuu kadhaa zikapelekwa Jumatatu ili wikiendi iwe ndefu. George Washington alizaliwa 22 Februari. Sikukuu yake sasa ni Jumatatu ya tatu ya Februari, na Jumatatu ya tatu haifiki tarehe 22 hata siku moja!

ELIBARIKI: Hata siku moja?

NEEMA: Piga hesabu, mwisho wake ni 21. Siku ya maveterani nayo waliipeleka Oktoba. Hapo watu walikataa, maana 11 Novemba ndiyo siku vita kuu ya kwanza ilipokoma, mwaka 1918. Ikabidi irudishwe, na tangu 1978 iko mahali pake.

ELIBARIKI: Lakini hao ni Wamarekani. Kenya hawahamishi kitu. 1 Juni ni Madaraka, 12 Desemba ni Jamhuri. Wanachofanya ni kumwongezea mtu siku ya kupumzika.

NEEMA: Hapo sina ubishi. Kwa mtindo huo wa Kenya hata mimi nitakuunga mkono.

ELIBARIKI: Na sisi wa huku kalenda yao inatuhusu kabisa, kwa sababu ya mpaka wetu na Kenya pale Namanga. Hebu tazama Oktoba. Tarehe 9 Uganda wana uhuru wao. Tarehe 10 Kenya wana Siku ya Mazingira, ile iliyokuwa Siku ya Moi. Tarehe 14 sisi tunamkumbuka Mwalimu. Tarehe 20 Kenya tena, Mashujaa. Mtu anayepeleka vitunguu Nairobi asipozishika tarehe hizo, huku anapakia mzigo, kule benki zimefungwa. Na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa hapa mjini! Natamani angalau wangetutangazia kalenda zote kwa pamoja, redioni, sokoni, mpakani.

NEEMA: Kutangaza, sawa. Kuzifanya ziwe moja, hapana, kwa sababu kila nchi ina msiba wake. Chukua 7 Aprili. Sisi ni Siku ya Karume, Mzee Abeid Amani Karume aliuawa Zanzibar tarehe hiyo mwaka 1972. Siku hiyo hiyo Rwanda wanaanza maombolezo ya mauaji ya kimbari ya 1994, ambayo wanayaendeleza siku mia moja. Nchi mbili, tarehe moja, huzuni mbili tofauti.

ELIBARIKI: Na ya Rwanda ina mguu wake Arusha.

NEEMA: Ndiyo ninakokwenda, kaka. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikaa hapa, kwenye jengo la AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, hadi ilipofungwa Desemba 2015. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Hakuna mahakama ya kimataifa iliyokuwa imewahi kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari kabla ya hapo. Jambo hilo limefanyika katikati ya mji wetu, na vijana wengi wanapita pale kila siku hawajaambiwa. Inaniuma sana. Shule za Arusha zingeweza kulifundisha wiki hiyo ya Aprili, pamoja na habari za Mzee Karume.

ELIBARIKI: Shule zimefungwa siku yenyewe.

NEEMA: Basi wafundishe siku ya kutangulia. Mtoto akae nyumbani akijua anakaa kwa ajili ya nani.

ELIBARIKI: Naafiki. Ila nisiwasahau wasiokaa nyumbani: walinzi, wahudumu wa hoteli, wapishi wa kambi za watalii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiriwa akifanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa, kila saa inalipwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi. Wapo wanaolipwa kama siku ya kawaida, wananyamaza.

NEEMA: Wasinyamaze. Wafanye nini?

ELIBARIKI: Waandike saa walizofanya, wahifadhi ratiba ya zamu, waende kwa afisa kazi wa mkoa. Nane Nane ikifika hoteli nyingi zitakuwa wazi, kwa hiyo anzeni kuandika mapema.