Dagaa kwa Kipimo: Kulisha Kuku Bila Antibiotiki

Mhadhara kwa wafugaji wa kuku, Wete, Pemba

Asalaam aleikum. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, ahsanteni kwa kuniita. Adhuhuri haiko mbali, kwa hiyo naingia bandani moja kwa moja.

Wengi wetu siku tunayonunua vifaranga tunanunua na pakiti ya antibiotiki ya kutia kwenye maji. Kifaranga hajaumwa, hajakohoa, lakini dawa anakunywa tangu siku ya kwanza. Ukiuliza kwa nini, jibu ni "tunamkinga". Na mimi nimefanya hivyo kwa miaka. Nataka tuiache pakiti hiyo, na nataka tujue kwamba ukiitoa dawa ukakiacha chakula vile vile kilivyokuwa, utazika vifaranga.

Tabia hii haikuanzia kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watafiti wa Marekani waliona vifaranga waliolishwa mabaki ya utengenezaji wa antibiotiki wakikua haraka kuliko wenzao. Dunia nzima ikafuata. Sweden ndiyo iliyotangulia kupiga marufuku dawa za kukuzia mifugo, mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukafuata tarehe 1 Januari 2006. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likawaomba wafugaji waache kuwapa antibiotiki wanyama wazima wasioumwa. Sababu mnaijua: bakteria akionjeshwa dawa kidogo kidogo kila siku anaizoea, kisha dawa ya jamii hiyo hiyo akipewa mtoto wako hospitalini, haimsaidii.

Sasa, waliokwisha kuacha walifanyaje? Utafiti mwingi ulifanywa kwa nguruwe. Sisi hapa hatuwafugi wala hatuwali, lakini kilichojifunzwa kuhusu utumbo wao kinatufaa kwa kuku. Denmark iliacha kuwapa nguruwe antibiotiki za kukuzia kufikia mwisho wa 1999, na shida kubwa ikawa kuhara kwa watoto wa nguruwe walioachishwa ziwa. Njia moja iliyowasaidia wafugaji ilikuwa kupunguza protini yote kwa jumla kwenye chakula, kisha kuongeza zile amino asidi chache zilizopungua, yaani vile vipande vidogo vinavyojenga protini. Mtu aliyezoea kusikia "protini, protini" hushtuka hapo. Nilishtuka na mimi.

Tuangalie mkeka. Mama anayesuka ukili wa rangi nne anahitaji ukindu mwekundu, mweusi, wa kijani na mweupe, kila mmoja kwa kiasi chake. Mwekundu ukimalizika, kazi imesimama. Hata kama mweupe umejaa chumba kizima, ule ukili hauendelei. Protini ya mwili husukwa hivyo hivyo, na amino asidi ndizo ukindu wake. Ziko kama 20, na karibu nusu yake kuku hawezi kujitengenezea, lazima azile. Kwa nguruwe inayowahi kupungua ni laisini. Kwa kuku wetu anayekula mahindi na soya ni methionini, kwa sababu ana manyoya ya kuotesha, halafu laisini, halafu threonini.

Na ukindu uliobaki? Kuku hawezi kuuweka akiba. Ini linauvunja, naitrojeni inatolewa nje, na ndio ule weupe mnaouona juu ya kinyesi. Kwa hiyo protini iliyozidi bila mpango ni fedha yako iliyolala kwenye maranda, na baadaye inakuwa ile harufu ya amonia inayokuchoma macho ukifungua banda asubuhi.

Hayo ni ya protini iliyosagika. Mbaya zaidi ni isiyosagika. Hiyo inateremka mpaka mwisho wa utumbo, na huko kuna bakteria wanaoingojea. Mmoja anaitwa Clostridium perfringens. Huishi ndani ya kuku siku zote bila vurugu, ila akipata protini nyingi huzaana na kutoa sumu inayokula ukuta wa utumbo. Antibiotiki ndizo zilizokuwa zinamkalisha kimya. Ukiziondoa, kinachobaki kumzuia ni chakula unachompa kuku na ukavu wa banda lako.

Mwaka wa kwanza nilipoacha dawa nilikuwa na vifaranga 300 wa nyama. Nikajiambia, kwa kuwa hawana dawa, niwape nguvu. Nikawajazia dagaa, kwa sababu dagaa nilimpata kwa bei nzuri na mfuko ulikuwa mkubwa. Wiki ya tatu asubuhi nikakuta kinyesi cha rangi ya machungwa chenye povu. Jioni walikuwa wamekufa 11. Daktari wa mifugo akampasua mmoja mbele yangu, na ndani ya utumbo mlikuwa na utando mkavu kama ukoko wa ugali uliogandia sufuriani. Sijaisahau picha ile. Akaniuliza nimewalisha nini, nikamwambia kwa fahari kabisa: dagaa. Akatikisa kichwa.

Hapa ndipo nataka mnisikilize kwa makini, maana jambo hili linatuhusu sisi watu wa visiwani kuliko wengine. Dagaa ni neema. Kilo moja ya mahindi ina kama gramu 2.5 za laisini, na chakula cha kifaranga cha wiki 3 za mwanzo kinahitaji kama gramu 11 kwa kilo. Mashudu ya nazi yana gramu 5 au 6 tu, na yakiungua kwenye kukamua hata hizo kuku hazipati. Machicha ya nazi tunayowamwagia uani yanamshibisha kuku, lakini hayamkuzi. Mashudu ya soya yana kama gramu 28. Unga wa dagaa mzuri una zaidi ya 40, na methionini yake inaipita ile ya mahindi na ya soya. Lakini unga wa samaki ukizidi ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana kumwamsha yule bakteria. Kwa hiyo mimi sasa sizidishi kilo 5 katika kila kilo 100 za chakula. Pengo linalobaki naliziba kwa soya iliyokaangwa sawasawa na kwa methionini ya unga, ile nyeupe ya dukani, kama gramu 200 kwa kilo 100, na laisini kidogo. Hiyo si dawa, ni chakula. Kuku hatoi mayai yenye mabaki ya dawa kwa kula methionini.

Soya nimesema iliyokaangwa. Mbichi ina kitu kinachozuia kusagika kwa protini, na ikiungua laisini inafungika. Iwe ya dhahabu, yenye harufu ya njugu.

Threonini nataka niitaje peke yake, kwa sababu husahauliwa. Ule ute unaoulinda ukuta wa utumbo umejengwa kwa threonini nyingi. Kuku aliye kwenye banda chafu, anayepigana na vijidudu kila saa, anamwaga ute mwingi, na haja yake ya threonini inapanda. Basi katika ufugaji bila antibiotiki usiibane. Ukiweza kuipata, iweke. Usipoipata, kausha maranda na punguza idadi ya kuku bandani, uipunguze ile haja. Na chanjo ya mdondo na ya gamboro usiache hata siku moja, wala usiidharau kuhara damu, kwa sababu ikishauchubua utumbo inamfungulia mlango yule yule bakteria wa ukoko.

Kuku akiumwa kweli, muite daktari wa mifugo na umpe dawa kwa siku alizoziandika, kisha ngoja siku za kusubiri dawa itoke mwilini zitimie kabla ya kuuza. Kumtesa mnyama mgonjwa ili uweze kusema hujatumia dawa si ufugaji.

Nimekuja na mifuko mitatu ya dagaa, iko pale mezani. Mmoja umeanikwa juu ya chanja, mmoja mchangani, na mmoja una chumvi nyingi mno. Tutasaga kidogo kidogo, tuumimine kwenye gilasi ya maji na tukoroge, mwone mchanga unavyotangulia kukaa chini. Wa chumvi mtauonja kwa ulimi, maana kuku wakila ule watakunywa maji mpaka maranda yalowe. Mwenye mkono mkavu na aje wa kwanza.