Hospitali na Parokia: Upungaji Pepo Katika Kanisa Katoliki

MKAWASI: Hapa Mombasa mtoto akianguka na kutoa povu, jirani wa kwanza kufika atasema ana jini. Familia ikiwa ya Kikatoliki, wataniuliza: mbona msimwite padre ampunge?

FIDELIS: Padre yeyote tu hawezi, dada. Kanuni ya 1172 ya sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema hakuna wa kumpunga aliyepagawa bila ruhusa maalumu ya askofu wa mahali. Na hupewa padre tu, mcha Mungu, mwenye elimu, busara na mwenendo safi.

MKAWASI: Lakini mikesha tunaiona. Watu wanaombewa, wanaanguka, wanapiga kelele.

FIDELIS: Kuombeana hakujakatazwa. Mlei, yaani muumini asiye padre, amwombe Mungu amkomboe mwenzake, vizuri sana. Ila barua ya Vatikani ya Septemba 1985, yenye saini ya Kardinali Joseph Ratzinger, ilikataza wasio na ruhusa wasiongoze mikutano ambamo pepo wanasemeshwa na kutafutwa majina. Na hayo ndiyo ninayoyasikia mikeshani.

MKAWASI: Mimi kuna jina sitalipita leo. Anneliese Michel, mwanafunzi wa Kijerumani. Madaktari walimkuta na kifafa. Mwaka 1975 askofu wa Würzburg akaruhusu apungwe, na mapadre wawili wakamfanyia ibada mara 67. Huku hali chakula, anadhoofika. Akafariki tarehe 1 Julai 1976, ana miaka 23, amebaki kilo kama 30. Mwaka 1978 wazazi wake na wale mapadre wakapatikana na hatia ya kusababisha kifo kwa uzembe. Sasa niambie, Fidelis: si ruhusa ilikuwepo?

FIDELIS: Ilikuwepo. Hilo ndilo linaloniuma. Askofu alijua, mapadre walikuwepo, wazazi walimpenda binti yao. Aliyekosekana miezi ile ya mwisho ni daktari.

MKAWASI: Kwa hiyo ruhusa peke yake haitoshi.

FIDELIS: Haitoshi kamwe. Ibada mpya ya kupunga pepo ilitoka mwaka 1998, ile ya zamani ilikuwa ya 1614. Inamtaka padre asiwe mwepesi kuamini kuwa mtu amepagawa, na awashirikishe madaktari. Hata dalili zinazotajwa tangu zamani, kama kusema lugha usiyoijua, kufichua ya siri, au nguvu kupita umri wako, hazikati shauri zenyewe. Padre Gabriele Amorth, mpunga pepo wa Jimbo la Roma aliyefariki mwaka 2016, aliamini pepo kuliko wengi, lakini naye alitaka wagonjwa wapite kwa madaktari kwanza.

MKAWASI: Basi mama anayetusikiliza huko Likoni au Changamwe, mwanawe anaanguka, aanzie wapi?

FIDELIS: Amkimbize Hospitali Kuu ya Pwani. Kifafa kina dawa. Kisha aende kwa paroko, wala asione haya. Paroko atasali naye, atampa mtoto sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa. Akiona kuna zaidi, yeye ndiye atakayelifikisha jambo kwa Askofu Mkuu.

MKAWASI: Na akitokea mtu anayesema, "Acha dawa, lete sadaka kwanza"?

FIDELIS: Ampakate mwanawe aondoke naye. Mtu huyo awe amevaa kanzu, awe amevaa rozari shingoni, mama aondoke.

MKAWASI: Na kamba zile wanazowafungia watoto, tafadhali, wazazi wangu. Fungueni leo.